Mfugaji wa Ipole na Mita 60 za Mto



Barabara itokayo Tabora kuelekea kusini hupita Sikonge, kisha hufika Ipole, na hapo hugawanyika. Mkono mmoja huelekea Rungwa na hatimaye Mbeya. Mkono wa pili huvuka Koga na kwenda Mpanda. Msafiri wa leo anayepita katika lami hana sababu ya kuuliza maji yako wapi. Lakini katika karne ya 19, misafara ya pembe na vitambaa ilipotoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka Tabora ikatawanyika kwenda Ujiji, Karagwe na Ukonongo, kambi haikuchaguliwa kwa uzuri wa mahali. Ilichaguliwa kwa maji. Mpagazi aliyetua mzigo mbali na kisima alijua kwamba kesho yake hatauinua. Na mtemi ambaye nchi yake ilikuwa na maji alikuwa na haki ya kudai hongo, yaani ushuru wa kupita na kunywa, kabla msafara haujasonga mbele.

Maji hayo bado ndiyo yanayoamua nani akae wapi katika nchi hiyo. Kilichobadilika ni kwamba leo anayefika mtoni ni ng'ombe, naye hafiki peke yake. Anafika na kundi, anakunywa, na kabla hajaondoka anaacha kinyesi na mkojo wake palepale. Jambo hili ni la kawaida kiasi kwamba ni vigumu kumshawishi mtu kuwa ni jambo la kitaifa. Hata hivyo ni hilo linalowafanya mfugaji na mtumishi wa serikali watazamane kwa mashaka kila kiangazi, na hapana budi lizungumzwe kwa utulivu, kwa kuwa kila upande una haki yake ndani yake.

Mfugaji anayezungumziwa hapa si mtu mmoja mwenye jina. Ni yeyote miongoni mwa wale waliokuja na mifugo yao kutoka upande wa Nzega, Igunga na Shinyanga, hasa Wasukuma, na pia miongoni mwa wenyeji ambao siku hizi wanafuga pamoja na kulima tumbaku na kurina asali. Ana ng'ombe wapatao 30. Wengi wao ni wa kienyeji, na jike akizaa hutoa lita 1 au 2 za maziwa, mara chache 3, baada ya ndama kupata sehemu yake. Maziwa hayo ndiyo yanayonunua daftari la mtoto, sabuni na chumvi. Si utajiri, lakini ni fedha ya kila siku, jambo ambalo tumbaku, inayolipa mara moja kwa mwaka na mara nyingine kwa kuchelewa, haiwezi.

Miaka 100 iliyopita mtu huyo asingeweza kuwa pale. Mbung'o walitawala misitu ya miombo ya kusini mwa Tabora, na katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kutoka sehemu nyingi za pori la Ugalla kwa sababu ya ugonjwa wa malale na kuwakusanya katika makazi maalumu. Nchi ikabaki ya nyuki, ya samaki na ya wanyama. Baadaye miti ilikatwa kwa ajili ya mashamba na kwa ajili ya kukausha tumbaku, mbung'o wakarudi nyuma, na ng'ombe wakaingia katika nafasi iliyoachwa wazi. Kwa hiyo yeyote anayesema kwamba mfugaji ameivamia Ipole hana budi kukumbuka pia shoka lililomfungulia njia.

Sasa ni sheria gani inayomhusu? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru hifadhi ya kingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ikakazia kipimo hicho hicho. Hizo ndizo mita 60 ambazo kila mtendaji wa kijiji anazijua kwa kichwa, hata kama vifungu vingine vyote amevisahau.

Sheria hizo hazikutungwa ili kumkomoa mtu. Kinyesi cha ng'ombe, kama ilivyo mbolea ya dukani, kina naitrojeni na fosforasi. Shambani virutubisho hivyo ni neema. Majini huwa chakula cha mwani na magugu, ambayo hustawi kupita kiasi, kisha hufa na kuoza; na bakteria wanaoozesha mimea hiyo pamoja na kinyesi chenyewe hutumia oksijeni iliyomo katika maji. Samaki hufa kwa kukosa hewa katika maji ambayo macho ya mtu yanayaona kuwa tele. Wakazi wa kando ya Ziwa Viktoria hawahitaji kusimuliwa habari hii. Magugu maji yaliyoonekana ziwani humo mwishoni mwa miaka ya 1980 yalizifunga ghuba na bandari katika miaka ya 1990, na yalisitawi hivyo kwa sababu yalikuta ziwa limekwisha kurutubishwa na udongo, maji machafu ya miji na mbolea kutoka nchi kavu.

Liko pia suala la afya ambalo walimu wanaweza kulichukua moja kwa moja darasani. Naitrojeni ya samadi hugeuka kuwa naitreti, na naitreti huyeyuka majini bila rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita ya maji ya kunywa, hasa kwa kuwalinda watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo, kwani kiasi kikubwa huizuia damu yao isibebe oksijeni. Na jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba kuchemsha hakusaidii. Vijidudu hufa, lakini naitreti hubaki, na kwa kuwa sehemu ya maji imekwenda na mvuke, iliyobaki huwa nzito zaidi. Mama anayechemsha maji ya kisima kilicho chini ya zizi amefanya nusu ya kazi tu, na hakuna aliyemwambia nusu ya pili, yaani kisima kisogezwe au zizi lisogezwe.

Hapo, basi, mtumishi wa serikali ana hoja. Lakini na asikilizwe mfugaji.

Neno lake la kwanza ni swali: mita 60 zinaanzia wapi? Swali hili huonekana kama la ubishi mpaka mtu aione nchi yenyewe. Mto Ugalla na vijito vyake si mifereji iliyochimbwa kwa kamba. Wakati wa masika maji hupanda kingo na kuenea katika mbuga kwa upana mkubwa. Wakati wa kiangazi mto huacha kutiririka, ukabaki mlolongo wa madimbwi yaliyotengana, ambamo viboko, mamba na samaki husongamana wakisubiri mvua. Ukingo wa Aprili si ukingo wa Septemba. Anayepima kutoka pale maji yalipofika wakati wa mafuriko ameifunga mbuga yote, ambayo ndiyo malisho ya mwisho yenye ubichi wakati wa kiangazi. Anayepima kutoka kwenye dimbwi ameuacha mkondo mkavu bila ulinzi, na samadi itakayolundikana katika mkondo huo itasombwa kwa siku moja mvua ya kwanza ikinyesha. Sheria imetaja ukingo. Haikumwekea mwanakijiji kigingi cha kuuonyesha. Mipaka isiyoonekana hupimwa kwa maneno, na katika kupimana kwa maneno mwenye fimbo ya kuchungia mara nyingi hushindwa na mwenye kitabu cha faini.

Neno la pili ni zito zaidi. Maziwa, kwa sehemu 87 katika kila 100, ni maji. Ng'ombe mmoja wakati wa joto hunywa lita 30 au zaidi kwa siku, na anayekamuliwa hunywa kupita hapo. Kundi la ng'ombe 30 linahitaji karibu lita 1,000 kila siku iendayo kwa Mungu. Mfugaji anaposikia kwamba asifike mtoni, hasikii habari ya mita 60. Anasikia kwamba ng'ombe wasinywe. Kama hakuna lambo, hakuna kisima chenye pampu na hakuna birika la kunyweshea mifugo, katazo hilo halina njia ya kutiiwa isipokuwa kwa kuuza ng'ombe au kuhama. Na kuhama kwenda wapi? Upande mmoja ni hifadhi. Eneo la Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Ipole, JUHIWAI, lilitengwa kwa ridhaa ya vijiji vyenyewe, na mwaka 2019 sehemu ya lililokuwa Pori la Akiba la Ugalla ilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Upande mwingine ni misitu ya hifadhi. Upande wa tatu ni mashamba ya tumbaku na mahindi ya majirani, ambayo ng'ombe akiyaingia kuna kesi nyingine.

Mtu anaweza kuuliza kama manung'uniko haya ni ya Tanzania tu. Sivyo. Jumuiya ya Ulaya, kwa agizo la mwaka 1991 kuhusu naitreti, iliweka kikomo cha kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta moja kwa mwaka katika maeneo yaliyo hatarini. New Zealand, nchi inayoishi kwa maziwa, iliweka kikomo cha kilo 190 za naitrojeni ya mbolea ya viwandani kwa hekta ya malisho kuanzia Julai 2021, na kanuni zake za mwaka 2020 zikawataka wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kuwaweka wanyama wao angalau mita 3 kutoka kingo za mito mipana. Uholanzi, baada ya uamuzi wa mahakama wa mwaka 2019 kuhusu naitrojeni inayoangukia maeneo ya hifadhi ya asili, wafugaji walipanda matrekta na kuziba barabara kuu mwezi Oktoba wa mwaka huo. Kilio chao kilifanana na cha Ipole kwa maneno yake: tumezalisha kama mlivyotuagiza, na sasa mnatuambia tumezidi.

Lakini mfanano huo uangaliwe kwa makini, kwa kuwa tofauti ndiyo inayofundisha. Kwa makadirio yanayotumiwa kimataifa, ng'ombe wa kawaida wa Afrika hutoa kama kilo 40 za naitrojeni kwa mwaka. Kwa kipimo cha Ulaya cha kilo 170, hekta moja inaruhusiwa kubeba ng'ombe 4 wa namna hiyo. Mfugaji wa Ipole, ambaye wanyama wake hutawanyika katika pori pana, hajakaribia hata kidogo kikomo hicho. Kama angeshtakiwa kwa sheria ya Ulaya angeachiwa huru asubuhi. Tena, New Zealand imeomba mita 3, lakini mita hizo zina uzio wa waya, na nyuma ya uzio kuna bomba na birika. Hapa zimewekwa mita 60, wala hakuna uzio wala birika. Kipimo kimezidi mara 20, na kilichokuwa cha kukitekeleza hakikutolewa.

Je, maana yake ni kwamba mfugaji hana kosa na mto wa Ipole hauna hatari? Hapana, na hapo ndipo hesabu ndogo ya darasani inaposaidia kuliko hotuba. Ng'ombe 30 wakitoa kilo 40 kila mmoja, ni kilo 1,200 kwa mwaka. Nyingi humwagika malishoni na zizini, ambako hazimdhuru mtu. Lakini kundi likikaa majini saa 1 tu katika saa 24, sehemu ya 24 ya kilo 1,200 ni kilo 50, na hiyo ni hesabu ya upole, maana kila mchungaji anajua kwamba ng'ombe akishakunywa hujisaidia palepale alipo. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya tumbaku aina ya NPK 10:18:24 una kilo 5 za naitrojeni. Kwa hiyo kundi moja linalonywea mtoni hutia majini, kwa mwaka, naitrojeni sawa na mifuko 10 ya mbolea. Makundi 20 yakinywea dimbwi moja, ni mifuko 200. Hakuna mwenye akili timamu angeruhusu mifuko 200 ya mbolea imwagwe katika dimbwi ambalo watu huchota maji na kuvua samaki. Tatizo la Ipole si wingi wa ng'ombe katika nchi. Ni wingi wa ng'ombe katika saa moja, mahali pamoja.

Na mfugaji, akionyeshwa hesabu hiyo, huigeuza mara moja kwa mwenzake. Mbolea ya tumbaku je? Mashamba yako kwenye miteremko inayoelekea mbugani, mifuko hiyo hiyo ya NPK hutiwa ardhini kila msimu, na mvua kubwa inayoshuka juu ya udongo ulioachwa wazi haichagui kati ya samadi na mbolea ya chumvichumvi. Lakini mkulima wa tumbaku hasimamishwi njiani kuulizwa mbolea yake imekwenda wapi. Ng'ombe huonekana, mbolea iliyoyeyuka haionekani. Kuna haki gani katika sheria inayomkamata anayeonekana tu? Malalamiko haya ni ya kweli, na wataalamu wa kilimo walioko Tabora hawatakuwa wamepoteza muda wakiyapima maji ya vijito juu na chini ya mashamba, ili mzigo ugawanywe kwa vipimo badala ya kukisia.

Na kiboko? Mfugaji huuliza jambo hili kwa kucheka, lakini wasomi wamelishughulikia bila kucheka. Utafiti uliofanywa katika Mto Mara upande wa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba kinyesi cha viboko hulundikana katika madimbwi wakati maji ni kidogo, oksijeni huisha chini ya madimbwi hayo, na mafuriko yanapokuja husukuma maji hayo mabovu kwenda chini ya mto na kuua samaki. Kwa hiyo vifo vya samaki vinaweza kutokea hata pasipo ng'ombe. Jambo hili halimpi mfugaji ruhusa, linamwonya. Madimbwi ya Ugalla tayari yana mzigo wake wa asili, na mnyama anayeongezwa juu ya mzigo huo ndiye anayelivunja gogo.

Mto Mara huo huo unatoa kisa ambacho kila mtumishi wa umma angefaa kukitafakari. Mwezi Machi 2022, upande wa Tanzania, maji ya mto huo yaligeuka meusi na yenye harufu, na samaki wakaelea wamekufa. Wananchi wengi walielekeza macho yao kwenye uchimbaji wa dhahabu. Serikali iliunda kamati ya wataalamu chini ya Profesa Samwel Manyele, nayo ikatoa jawabu kwamba chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo mingi iliyokuwa katika bonde la mto, pamoja na mimea iliyooza, vilivyomaliza oksijeni majini. Jawabu hilo halikuaminiwa na watu wengi. Walilifanyia mzaha, wakauliza tangu lini ng'ombe akaua mto, wakati mababu walichunga hapo hapo.

Mtu aweza kuwacheka wananchi kwa kutojua elimu ya kemia. Huko kungekuwa kujidanganya. Kisayansi, kilichoelezwa kinawezekana kabisa, kama utafiti wa viboko unavyoonyesha. Tatizo ni kwamba wananchi walielezwa habari ya oksijeni kwa mara ya kwanza siku ambayo samaki walikuwa wamekwisha kufa na lawama imekwisha kuelekezwa. Elimu inayofika pamoja na hukumu husikika kama utetezi wa mtu mwingine. Laiti watoto wa shule za kandokando ya mto huo wangekuwa wamefundishwa miaka kumi kabla kupima uangavu wa maji kwa kisahani cheupe kilichofungwa kwenye kamba, na kuandika vipimo vyao kila mwezi, wazazi wao wasingehitaji kamati kutoka mbali ili waamini au wakatae. Wangekuwa na daftari lao.

Kisa kingine ni cha Usangu, nacho ni kichungu. Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka wakati wa kiangazi mwaka 1993. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa katika bonde la Usangu na Ihefu kwa maelezo kwamba mifugo yao ndiyo iliyokuwa ikiumaliza mto. Maelfu ya mifugo ilisafirishwa kuelekea mikoa ya kusini na pwani. Mingi ilikufa njiani, na malalamiko ya faini na mateso yalikuwa mengi hata serikali ikaunda tume ya kuyachunguza. Mto uliendelea kukauka katika miaka iliyofuata, kwa sababu sehemu kubwa ya maji ilikuwa ikichukuliwa na mifereji ya umwagiliaji wa mpunga, ambayo haikuhama. Hakuna anayesema kwamba ng'ombe hawakuidhuru Ihefu. Walidhuru. Lakini aliyeondolewa alikuwa yule aliyekuwa rahisi kuondolewa, na gharama ya kosa hilo la hesabu ililipwa na familia ambazo hazikuwa na mahali pa kukata rufaa.

Hapa neno hongo linarudi. Katika njia ya misafara lilikuwa ushuru halali, uliojadiliwa hadharani, na baada ya kulipwa msafara ulikunywa. Leo maana yake imeharibika, na kila mtu anaijua. Pale ambapo katazo haliwezekani kutiiwa, na mpaka wake hauonekani, na anayelisimamia yuko peke yake porini na mwenye mali, hongo huota yenyewe kama gugu kwenye maji yaliyorutubishwa. Faini isiyo na stakabadhi haijapata kusafisha mto wowote. Inamfundisha mfugaji kwamba ukingo unanunulika, na kwamba bei yake ni nafuu kuliko kuchimba kisima. Mtumishi mwaminifu, nao ni wengi, huishia kubeba aibu ya mwenzake.

Ni nini basi kinachoweza kufanyika Ipole, kwa uwezo wa Ipole? Si kila kitu kinangoja bajeti ya taifa, ingawa ni vizuri kukumbuka kwamba mwaka 1971 nchi hii ilianza mpango wa miaka 20 wa kuwafikishia wananchi wa vijijini maji, na mwaka 1991 ulifika mpango haujakamilika. Na kwamba katika mipango mingi ya namna hiyo maji ya mtu yalihesabiwa na maji ya ng'ombe yakasahauliwa. Bomba likajengwa, na ng'ombe akaendelea kwenda mtoni.

Cha kwanza ni birika. Kazi yake si ngumu: maji yachukuliwe kutoka mtoni, kwenye lambo au kisimani, yapelekwe nje ya mita 60, yamwagwe katika birika la saruji lenye sakafu ya mawe kuzunguka ili kwato zisifanye tope. Ng'ombe huyapenda maji safi kuliko tope. Mchungaji hatahitaji askari wa kumwelekeza. Samadi itakayolundikana hapo haitakuwa taka. Itazolewa na kupelekwa shambani, na mkulima wa mahindi ambaye mfuko wa mbolea ya dukani umemshinda bei atakuwa wa kwanza kuja na mkokoteni. Na palipo na ng'ombe wachache wa kisasa wanaolishwa bandani, kama walivyo wengi kule Rungwe na Arumeru, samadi hiyo inaweza kutoa gesi ya kupikia kabla ya kwenda shambani, na kuni za miombo zikapumzika kidogo.

Mpaka nao uwekwe kwa vigingi, na uwekwe na wanakijiji wakiwa pamoja na mtaalamu wa bonde la maji, mfugaji akiwapo, mvuvi akiwapo na mrina asali akiwapo. Wakikubaliana kwamba ukingo ni pale mstari wa miti unapoanza, au pale mafuriko ya kawaida yanapoishia, basi kiandikwe hivyo na kipandwe mti. Vilevile yaachwe mapito machache ya kunyweshea, yenye changarawe, kwa ajili ya kipindi ambacho birika halijakamilika, badala ya kujifanya kwamba ng'ombe hawanywi. Mkulima wa tumbaku aache ukanda wa majani kati ya shamba na mbuga. Ukanda huo unakamata udongo na mbolea yake mwenyewe, ambayo aliinunua kwa mkopo.

Mamlaka ya kufanya haya yapo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaipa Halmashauri ya Kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikapitishwa na mkutano wa kijiji na kuidhinishwa na Halmashauri ya Wilaya. Sheria ndogo inaweza kusema waziwazi kwamba faini ya kunywesha mtoni haitatozwa mpaka birika liwe linatoa maji, na kwamba birika likiwa linatoa maji hakuna udhuru. Bwana Mifugo anajua idadi ya makundi. Mwalimu anaweza kuandika rasimu hiyo kwa Kiswahili ambacho mfugaji ataielewa ikisomwa mara moja, maana sheria ndogo nyingi zimeandikwa kana kwamba zinaogopa kusomwa.

Limebaki suala la wakati. Mkutano wa kijiji huitwa kila baada ya miezi mitatu. Unaofanyika Machi huwakuta watu na madimbwi yaliyojaa, na hakuna mwenye haraka. Unaofanyika Septemba huwakuta ng'ombe wamekwisha kuingia mtoni na watu wamekwisha kugombana. Saruji husafirishwa na mawe husombwa kwa urahisi kuanzia Juni, barabara za vijijini zikiwa zimekauka. Kwa hiyo ajenda ya birika inafaa iingizwe katika mkutano wa Machi, wakati mfugaji, mvuvi na mkulima bado wanaweza kukaa kwenye benchi moja.